Kioo Kisicho cha Kioo: Vioo vya Darubini Vilivyosubiwa Nyumbani

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Maliba, chini ya milima ya Rwenzori, akiandika ubaoni kwamba darubini za zamani zilikuwa na kioo cha shaba na bati, atakuwa amewategea wanafunzi wake mitego mitatu katika sentensi moja. Kioo kwao ni kitu cha dirishani, kinachopitisha mwanga na kuvunjika kikipigwa jiwe. Shaba ni nyaya za umeme, au ni ile habari ya Kilembe wanayosimuliwa na wazee. Bati ni paa la nyumba. Mwanafunzi msikivu anaweza kutoka darasani akiamini kwamba Mzungu fulani aliyeyusha nyaya pamoja na paa akapata dirisha.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kitu hicho, yaani kioo cha metali kilichotengenezwa kwa mikono, aghalabu nyumbani kwa mtu, kwa ajili ya kutazamia nyota. Tunaiandikia safu hii ya lugha kwa sababu moja. Mara nyingi tunaambiwa kwamba Kiswahili kina upungufu wa istilahi za sayansi, na sisi wenyewe walimu tumeizoea lawama hiyo kiasi cha kuanza kuiamini. Lakini ukifuatilia namna kioo hiki kilivyotengenezwa, hatua kwa hatua, utaona kwamba kazi yenyewe ilifanyika karibu na jikoni, kwa kinu na mchi, kwa chekeche, kwa moto na mivukuto. Upungufu, kama upo, uko kwenye nomino chache. Vitenzi tunavyo.

Tuanze na neno kioo. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili zinazokaa pamoja: kitu kigumu kinachopenyeza mwanga, na kitu cha kujitazamia. Kwa kuwa siku hizi vioo vya kujitazamia vyote vina kioo mbele na rangi ya fedha nyuma, hatuoni tena kwamba maana hizo ni mbili. Zamani haikuwa hivyo. Wamisri wa kale, Wayunani na Wachina walijitazama katika mabamba ya shaba yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kwamba katika kitabu cha Kutoka, sura ya 38, birika la shaba la hema lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake. Mtu anayefikiria vioo vya leo hawezi kuelewa birika hilo lilipatikanaje. Hata kioo anachokitaja Mtume Paulo alipowaandikia watu wa Korintho kilikuwa cha metali, na ndiyo maana sura iliyoonekana ndani yake haikuwa safi. Kwa hiyo "kioo cha shaba" si kosa la lugha. Ni matumizi ya zamani kuliko yale ya dirishani.

Neno shaba nalo limebeba mzigo mkubwa. Watu wa pwani waliliita shaba lile pembe kubwa la Lamu linaloitwa siwa, lililosubiwa kwa ufundi wa nta. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba tangu karne nyingi kabla ya Wareno kufika. Huko Katanga, ambako Kiswahili kinasemwa hadi leo, mafundi walisubu misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha katika biashara. Vitu hivyo si metali moja. Kuna shaba tupu, ambayo ni nyekundu. Kuna shaba iliyochanganywa na zinki. Na kuna shaba iliyochanganywa na bati. Msemaji wa kawaida huziita zote shaba na kuongeza rangi akitaka kuzitofautisha, na mambo yake yanakwenda. Kwa fundi wa darubini, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Bati ndilo lenye matata zaidi. Yale mabati ya paa si bati hata kidogo. Ni bamba za chuma zilizopakwa zinki. Bati lenyewe ni metali nyeupe, laini, inayoyeyuka kwa moto mdogo wa nyuzi 232 tu. Ikumbukwe kwamba metali hii haitoki mbali na Kasese. Katika enzi ya ukoloni bati lilichimbwa Ankole, hasa Mwirasandu na Kikagati. Shaba ikachimbwa Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba, juu ya mji wa Kasese. Kwa maneno mengine, vitu viwili vilivyohitajika kwa kioo cha darubini vyote vilikuwa ardhini katika pembe moja ya magharibi ya Uganda.

Sasa jambo la ajabu ni hili. Shaba ni laini. Hata sindano huikwaruza. Bati ni laini zaidi. Ufito wake hupindika kwa mikono. Lakini ukichukua takriban mafungu mawili ya shaba kwa fungu moja la bati, ukayeyusha pamoja, unapata metali ambayo si nyekundu wala si laini. Ni nyeupe karibu kama fedha, ngumu kuliko wazazi wake wote wawili, na dhaifu kama sahani ya udongo. Tupa haiiwezi. Ikianguka sakafuni inapasuka. Ikipoa upesi inapasuka yenyewe, bila kuguswa na mtu. Ukipunguza bati kidogo inakuwa na nguvu zaidi lakini inaanza kuwa ya manjano na kupoteza mng'aro. Ukilizidisha, inakuwa nyeupe vizuri na haisubiriki. Historia yote ya vioo hivi ni ya watu waliohangaika katika njia hiyo nyembamba.

Aliyefungua njia alikuwa Isaac Newton. Mnamo mwaka 1668 alitengeneza darubini ndogo yenye kioo cha metali chenye upana wa sentimita tatu na kidogo. Alijenga tanuri mwenyewe, akachanganya metali mwenyewe, akaongeza na aseniki ili kuzidisha weupe (jambo ambalo hatumshauri mtu yeyote kulijaribu, kwa kuwa moshi wake ni sumu). Alisugua kioo chake juu ya lami. Darubini za wakati ule zilitumia lenzi, na lenzi zilitia rangi za upinde wa mvua kwenye kingo za kila kilichotazamwa. Kioo kilichobonyea, kwa kuwa kinaakisi mwanga badala ya kuupitisha, hakina tatizo hilo.

Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1777, daktari mmoja wa mji wa Plymouth aitwaye John Mudge alichapisha maelezo ya namna ya kuchanganya na kusugua metali hizi. Tunamtaja kwa sababu aliandika kama mpishi. Kiasi chake kilikuwa ratili 2 za shaba kwa wakia 14 na nusu za bati. Yeyusha shaba kwanza, kwa kuwa inahitaji moto mkali wa nyuzi zaidi ya 1,000. Bati likikaa katika moto huo tangu mwanzo linaungua, na kioo kinatoka na vitundu. Shaba ikishayeyuka, tia bati, koroga, mimina, acha ipoe. Kisha yeyusha tena mchanganyiko huo, safari hii kwa moto mdogo, kwa kuwa mchanganyiko huyeyuka mapema kuliko shaba tupu. Ndipo umimine kwenye kalibu. Tazama, msomaji, ni neno gani hapo lililotulazimu kukimbilia Kiingereza? Yeyusha, tia, koroga, mimina, acha ipoe. Hata kalibu na kusubu vimo katika kamusi zetu tangu zamani, vikiwa vimetoka Kiarabu pamoja na ufundi wenyewe.

Mtu aliyeufikisha ufundi huu mahali ambapo dunia ilitaharuki hakuwa mwanasayansi kwa kazi yake, wala hakuwa Mwingereza. William Herschel alizaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1738, akahamia Uingereza mwaka 1757 akiwa mpigaji muziki. Kuanzia mwaka 1766 aliishi Bath, mji wa matajiri waliokwenda kuoga maji ya moto, akapiga kinanda kanisani na kufundisha muziki kutwa nzima. Mwaka 1772 alimleta dada yake Caroline, mwenye umri wa miaka 22, ili awe mwimbaji na amtunzie nyumba. Caroline alifika akijua Kiingereza kidogo sana. Kwa walimu wa lugha jambo hili lina uzito wake: vitabu ambavyo Herschel alijifunzia ufundi wa vioo vilikuwa vya Kiingereza, lugha aliyoipata ukubwani, na nyumbani walisema Kijerumani.

Mwaka 1773 Herschel alinunua kitabu cha elimu ya nyota, akakodi darubini ndogo, akaona haimtoshi. Kioo kikubwa kilikuwa na bei isiyofikirika. Basi akanunua vifaa vya mtu mmoja wa Bath aliyekuwa akiacha kazi ya kusugua vioo, pamoja na vioo vyake ambavyo havijamalizika, akaanza. Caroline ameacha kumbukumbu za maisha yao, na ndani yake analalamika kwamba karibu kila chumba kiligeuzwa karakana. Seremala alikuwa akitengeneza bomba la darubini katika sebule iliyokuwa na samani nzuri. Kaka yao Alexander, mpigaji muziki naye, aliweka mashine yake ya kukerezea katika chumba cha kulala. Wanafunzi wa muziki waliendelea kuja kati ya vurugu hizo.

Kazi ya kusugua inahitaji maelezo, maana ndiyo moyo wa jambo lote. Sahani ya metali ikitoka katika kalibu ina uso mbovu, wenye mchanga na mikunjo. Kwanza inasagwa juu ya chombo cha chuma kilichobinuka, kwa unga mgumu wa emeri na maji, mpaka uso wake ubonyee sawasawa. Unga unabadilishwa, kutoka wa chengachenga hadi ulio laini kama unga wa muhogo. Baada ya kusagwa, kioo bado ni kijivu na hakionyeshi sura. Ndipo kinapoingia katika hatua ya kung'arishwa. Chombo kinapakwa lami, lami inakandamizwa ikiwa ya vuguvugu mpaka ichukue umbo la kioo, halafu kioo kinasuguliwa juu yake kwa unga laini wa kutu ya chuma au wa jivu la bati. Mikono inakwenda mbele na nyuma, fundi akizunguka kidogo kidogo, ili pasiwe na upande unaoonewa.

Seremala wa kwetu aliyewahi kulainisha mbao kwa majani ya msasa, ule mti uliotupa jina la karatasi ya msasa, anaifahamu kazi hiyo kwa mikono yake. Ila kuna tofauti moja. Uso wa kioo cha darubini hautakiwi kung'aa tu. Unatakiwa uwe na umbo la parabola, na tofauti kati ya umbo hilo na tufe la kawaida ni ndogo mara mamia kuliko unene wa unywele. Hakuna jicho linaloiona. Fundi anaijua kwa kukielekeza kioo kwenye nyota: nyota ikiwa nukta, amefaulu, ikiwa na manyoya, arudi kwenye lami. Na lami haina subira. Ukisimama katikati ya kazi, inapoa na kutulia vingine, na umbo la kioo linapotea.

Kwa sababu hiyo Herschel alipokuwa akimaliza kioo hakuinua mikono. Caroline anasimulia kwamba safari moja alisugua kwa saa 16 mfululizo. Dada mtu alimlisha kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, na kumsomea hadithi ili asichoke. Alimsomea habari za Don Quixote, na alimsomea Alfu Lela Ulela. Kitabu hicho cha pili hakihitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kiswahili. Inapendeza kufikiri kwamba hadithi zilezile zilizosimuliwa katika mabaraza ya pwani yetu zilisomwa pia juu ya kishindo cha metali ikisuguliwa katika nyumba ya Bath.

Herschel alitoa vioo kwa wingi wa kushangaza. Mwenyewe alieleza kwamba alitengeneza vioo 200 vya darubini za urefu wa futi 7, vingine 150 vya futi 10, na takriban 80 vya futi 20. Hakuwa na njia ya uhakika ya kupata kioo kizuri kila mara, hivyo alitengeneza vingi na kuchagua kilicho bora. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vya shule hupenda kumchora mgunduzi kama mtu aliyepata wazo ghafla. Huyu alipata mabega yanayouma.

Tarehe 13 Machi 1781, akiwa na darubini yake ya futi 7 katika bustani ya nyumba namba 19, New King Street, aliona nyota moja ambayo haikuwa nukta. Ilikuwa na upana. Siku chache baadaye ilikuwa imesogea. Alidhani ni nyota-mkia, lakini wataalamu wa hesabu walipokokotoa njia yake walikubali kwamba ni sayari, ya kwanza kugunduliwa tangu binadamu waanze kuandika. Hapa lugha yetu inatoa ushahidi wake. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina tuliyoyapata kwa Waarabu, waliozitazama sayari hizo kwa macho matupu. Baada ya Zohali, majina ya urithi yanakwisha, na Kiswahili, sawa na Kiarabu na Kiingereza, kinalazimika kusema Uranusi. Mpaka uliovukwa kwa kioo kile cha sentimita 16 hivi umechorwa katika msamiati wetu.

Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, Herschel alitaka kioo cha upana wa inchi 36. Hakuna karakana ya kusubu iliyokuwa tayari kuifanya kazi hiyo, basi akaamua isubiwe nyumbani, katika chumba cha chini kilichotazama bustani. Kalibu ilikuwa ya udongo uliochanganywa na samadi ya farasi. Samadi hiyo ilitakiwa kwa wingi mno, nayo ilitwangwa kwenye kinu na kuchekechwa kwa chekeche jembamba. Mtwangaji alikuwa Caroline. Alitwanga kwa saa nyingi siku baada ya siku. Alexander alimpokea zamu, na hata Dkt. William Watson, mwanachama wa Royal Society, alipomkuta kazini alichukua mchi mikononi mwake akatwanga yeye. Kwa wasomaji wetu wa Bwera na Maliba, ambao kutwanga si jambo la makumbusho, hakuna haja ya kueleza mgongo unavyokuwa jioni. Kioo cha mfalme wa wanajimu kilianza kwa mchi.

Metali ilimiminwa. Kalibu ilivuja, na kioo kilipokuwa kikipoa kikapasuka. Wakajaribu mara ya pili, wakiwa na zaidi ya ratili 500 za metali motoni. Safari hii tanuri lenyewe lilitoboka. Metali iliyoyeyuka ikatiririka juu ya sakafu ya mawe, na mawe, kwa kupashwa moto ghafla, yakaanza kuruka huku na huku mpaka kwenye dari. Ndugu wawili, fundi wa kusubu na vibarua wake walikimbilia milangoni. Herschel alianguka juu ya rundo la vipande vya matofali akiwa hoi kwa joto na uchovu. Kazi ya kioo kile ikaachwa.

Mwaka uliofuata mfalme George wa Tatu alimpa Herschel posho ya pauni 200 kwa mwaka, akaacha muziki. Caroline naye aliacha kuimba. Mwaka 1786 aligundua nyota-mkia yake ya kwanza, na hatimaye akafikisha nane. Mwaka 1787 akaanza kulipwa na mfalme pauni 50 kwa mwaka. Kisha, mwaka 1789, huko Slough, ikakamilika darubini kubwa ya futi 40, yenye kioo cha upana wa futi 4 na uzito wa karibu tani moja. Kwa kiasi hicho mikono ya mtu mmoja haikutosha tena. Kioo kilisuguliwa na kikosi cha vibarua, na baadaye kwa mashine. Majina ya vibarua hao hayasomwi popote katika vitabu vya darasani. Kwa kweli darubini hiyo haikuleta faida iliyotarajiwa. Ilikuwa nzito kuiendesha, na kioo chake kilipoteza mng'aro upesi.

Kupoteza mng'aro ndilo lililokuwa gonjwa kuu la vioo hivi. Kioo kipya cha metali huakisi takriban theluthi mbili tu ya mwanga. Darubini ya aina ya Newton ina vioo viwili, kwa hiyo zaidi ya nusu ya mwanga hupotea kabla haujafika jichoni. Herschel aliamua kukiondoa kabisa kioo cha pili katika darubini yake kubwa, akawa anatazama kutoka ukingoni mwa bomba. Halafu unyevu wa usiku huanza kula uso. Baada ya miezi kadhaa kioo kinafifia, na dawa yake ni moja: kirudishwe kwenye lami. Lakini kukisugua upya ni kuliharibu lile umbo lililopatikana kwa saa 16, na kulitafuta tena toka mwanzo. Aliyekuwa na kioo cha metali bila kuwa na fundi wa kukisugua alikuwa na sahani nzito tu.

Na Herschel hakuandika. Alichapisha mengi kuhusu nyota, lakini namna yake ya kusugua aliificha maishani mwake, kwa kuwa alikuwa akiuza darubini na wafalme walikuwa wateja wake. Hatumlaumu sana, fundi yeyote wa soko la Kasese angefikiria hivyohivyo. Ila matokeo yake ni kwamba baada ya kufa kwake mwaka 1822, waliotaka vioo vikubwa walianza karibu na pale alipoanzia yeye.

Aliyeanza upya na kuandika kila hatua alikuwa William Parsons, aliyejulikana kama Lord Rosse, tajiri wa Ireland mwenye ngome katika mji wa Birr. Yeye hakuleta mafundi kutoka London. Aliwafundisha watu wa hapohapo, waliokuwa wakulima na vibarua wa mashamba yake, kujenga matanuri, kusubu na kuongoza mashine ya kusugua iliyoendeshwa kwa mvuke. Makaa yake yalikuwa udongo mweusi wa kinamasi unaochimbwa na kukaushwa, kuni ya maskini wa nchi ile. Mwaka 1840 alichapisha majaribio yake yote, pamoja na yaliyoshindikana. Mwaka 1842 watu hao walisubu kioo cha upana wa inchi 72, yaani karibu mita 1.8, chenye uzito wa takriban tani 3. Kiliachwa ndani ya tanuri kipoe polepole kwa majuma 16. Mwaka 1845 Rosse aliona kwa kioo hicho kwamba moja ya mawingu ya nyota lina umbo la kuzungukazunguka kama ganda la konokono, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelijua. Mwaka huohuo viazi vilianza kuoza mashambani Ireland, na njaa kubwa ikasimamisha kazi ya darubini. Waliokuwa wamesubu kioo walikuwa na mambo mengine ya kufikiria.

Darubini ya Birr ilikuwa na vioo viwili vya zamu, kimoja kikiwa kazini na kingine kikisuguliwa. Haikupitwa kwa ukubwa mpaka mwaka 1917.

Mwisho wa vioo vya metali ulitoka katika maabara ya kemia. Mnamo mwaka 1857, huko Paris, Léon Foucault alitengeneza kioo cha darubini kwa kioo chenyewe, hiki cha dirishani, akakipaka utando mwembamba wa fedha kwa dawa. Fedha ikichakaa inaoshwa na kupakwa nyingine, bila kuligusa umbo lililo chini yake. Hapo ndipo zile maana mbili za neno letu zilipokutana ndani ya darubini.

Hata hivyo wapo waliosita. Darubini kubwa iliyotengenezwa Dublin kwa ajili ya Melbourne, Australia, na kufika huko katika miaka ya 1868 na 1869, ilipewa vioo vya metali vya inchi 48 kwa kuwa njia mpya ilionekana haijathibitika. Vilisafirishwa vikiwa vimepakwa vanishi ili visidhurike baharini. Vanishi ilipoondolewa, uso uliharibika, na fundi aliyejua kuusugua alikuwa Ireland, upande wa pili wa dunia. Waliokuwepo Melbourne walijaribu. Miaka mingi ilipita kabla ya mkuu wa kituo kile kujifunza mwenyewe kazi ya kusugua. Baada ya hapo hakuna aliyeagiza tena kioo kikubwa cha metali.

Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe kuanza kupelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, ilikuwa imebaki mwaka mmoja kutimia 100 tangu kazi ya Foucault. Mgodi huo ulikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kuelewana, na bila shaka ndimo yalimotumika maneno haya yote ya kuyeyusha na kumimina. Ulitoa zaidi ya tani laki mbili za shaba ghafi kabla ya kusimama mwaka 1982. Shaba hiyo ilipita Mombasa ikaenda kuwa nyaya na mabomba. Bati la Mwirasandu lilikwenda njia yake. Nyumba ya New King Street siku hizi ni makumbusho ya akina Herschel. Mahali Maliba ilipo, karibu na mstari wa Ikweta, lile wingu la nyota la Orioni ambalo Herschel aliliandika katika daftari lake tarehe 1 Machi 1774, akilitazama likiwa limeinama upande wa kusini wa anga ya Bath, hupita karibu na utosi.